Mkwe Hatazamwi Usoni

Mama yangu alipokuja kututembelea wakati wa likizo kubwa, mume wangu alianza kukohoa. Hakuwa mgonjwa. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Mwanamume akitaka kutoka uani anakohoa kwanza, ili mama mkwe apate muda wa kuvuta kitenge kichwani na kugeukia upande mwingine. Sasa fikiria nyumba ya watu wanaopenda chai, na choo kiko nyuma kabisa ya parsele, yaani kiwanja chetu. Wiki ile mume wangu alikohoa kuliko mvuta sigara.

Ni mwalimu wa shule ya msingi. Shule zikifungwa hana pa kwenda, hasa mvua ikinyesha, na mwezi wa nane hapa Bunia mvua hainyeshi kwa kubembeleza. Ilianza Jumapili tukiwa njiani kutoka misa, ikatukimbiza hadi barabara ya Lumumba, na tulipoufikia mlango viatu vya watoto vilikuwa vimebaki rangi moja tu, ya matope. Mama alitungojea jikoni, amekwisha kuwasha makaa.

Alikuwa amekuja kutoka Bogoro kabla barabara haijaharibika, na kibuyu cha samli ya ng'ombe zake alikipakata kwenye pikipiki kama mtoto mchanga. Tulimlaza kwenye anexe, chumba kimoja kilicho ng'ambo ya uwanja, karibu na mpaka wa jirani. Ndipo mahali pake kila anapokuja. Kitanda ni chake, ndoo ni yake, na mlango unatazama jikoni, si sebuleni, kwa sababu mume wangu alipokijenga alikuwa akimfikiria yeye. Alikijenga mwenyewe, kwa matofali mabichi, likizo ya mwaka mwingine. Kufundisha anajua. Kujenga, nitasema tu kwamba alijitahidi.

Siku mbili za kwanza nilifurahi, siwezi kudanganya. Mama alipika maharage, akayatia samli mwishoni, na harufu ilivuka uwanja ikaingia sebuleni kabla ya sahani. Binti yangu mkubwa ndiye aliyebeba sahani, na maneno pia.

"Uulize baba yako kama chumvi iko sawa," Mama alisema.

Mume wangu alikuwa hatua chache tu, nyuma ya mlango uliosindikwa. Alisikia kila neno. Lakini alimngoja mtoto avuke uwanja, aulize, ndipo ajibu, "Umwambie koko yako, sijakula maharage ya hivi tangu nizaliwe." Na Mama, ambaye naye alikuwa amesikia kila neno, alimngoja mtoto arudi, amwambie, ndipo acheke. Mtoto alilowa mvua akienda na kurudi. Nilipowaambia hao wazee wawili kwamba watamtia mtoto homa, Mama alinitazama kama mtu aliyekosa kufundwa.

Mchana Mama alimsuka binti yangu nywele huku mdogo wake amelala kwenye mapaja yake. Tulichoma mahindi. Mvua ilipiga mabati hata tukawa tunaongea kwa kupaza sauti, na Mama akatusimulia habari za ng'ombe wake mmoja mkorofi anayewachukia wanaume wote isipokuwa padri. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Ukiniuliza furaha ya nyumbani ni nini, nitakwambia ni hiyo, hindi la moto na mama yako akimsengenya ng'ombe.

Jumanne nikaingia kwenye anexe kumpelekea Mama blanketi la pili, nikauona ufa. Ulianzia pembeni karibu na dari, ukashuka nyuma ya kitanda. Niliingiza kidole kikaingia chote. Nje, maji ya jirani yalikuwa yamevunja mfereji wao na sasa yalipita chini kabisa ya ukuta wetu, yakila udongo taratibu. Matofali mabichi yakinywa maji hayatoi taarifa mara mbili.

Nilimwendea mume wangu. Nilimkumbusha kwamba kila mwaka anawaandikia watoto wa watu ubaoni, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakukasirika. Alivaa buti, akachukua jembe, akakohoa mlangoni, Mama akajifunika, naye akatoka. Alichimba mfereji katikati ya uwanja kugeuza maji, mvua ikimpiga mgongoni. Jioni mfereji ulijaa tope. Kesho yake akachimba tena. Kidole changu sasa hakikuwa kipimo tena, maana mkono wangu ulipita.

"Mama," nikasema, "kusanya vitu vyako. Unahamia ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya nyumba. Kwenye chumba cha watoto."

Aliacha kuchambua majani ya lengalenga. "Nilale chini ya manjanja moja na mukwe wangu? Nipite asubuyi mbele ya mulango yake? Mutoto, unataka nikufe na haya?"

"Haya haiuaye mutu. Ukuta inaua."

"Haya njo inaua. Ukuta inavunja tu mifupa."

Niligonga sufuria chini. Kuna njia ya kuondoa mwiko huo, ndiyo, lakini inataka wajomba waje, mbuzi achinjwe, maneno yasemwe mbele ya watu, na siku iwe kavu. Wajomba wako Bogoro. Barabara ya Bogoro, kama si matope, ni mambo ya bunduki. Kwa jirani nako kumejaa ndugu zao waliokimbia vijiji vyao, wanalala mpaka jikoni. Nilifikiri kila upande nikaona hakuna upande.

Mume wangu ndiye aliyeleta shauri la kulala darasani kwake, juu ya madawati, mpaka mvua ipite. Alilisema kwa sauti kubwa makusudi, ili lifike jikoni. Lilifika. Mama akamwita binti yangu, na mara hii hakuwa akicheka.

"Umwambie baba yako, mwanaume hafukuzwe kwake juu ya mama mukwe. Watu ya quartier batasema nini? Kama analala kwa masomo, miye nitatembea na miguu mupaka kwetu, na hii mvua."

Na angefanya. Namjua. Nimetoka tumboni mwake, nimerithi kichwa chake.

Basi tukaishi hivyo. Nilikuwa nakula bila kusikia ladha. Kila mvua ilipozidi niliacha kazi nikavuka uwanja kuangalia ufa. Niliwachukia wote wawili, nasema ukweli. Mume wangu kwa adabu yake isiyo na akili, Mama kwa ukaidi wake, wazee wote waliokufa ambao waliweka sheria hizi wakati nyumba zilikuwa za nyasi, zikianguka unatoka tu na majani kichwani. Mume wangu aliegemeza magogo mawili ya mti ukutani kwa nje. Alifanya kazi hiyo akiwa amegeuza uso, kwa sababu dirisha la Mama lilikuwa hapo. Jaribu kupigilia msumari ukitazama barabarani.

Siku mbili baadaye, baada ya chakula cha mchana, anga likawa jeusi. Nilikuwa chini ya kipaa cha jiko, mtoto mdogo mgongoni, dada yake kando yangu akipepea makaa. Mama alikuwa ameingia chumbani kupumzisha magoti yake. Mvua ikaja na upepo, mfereji katikati ya uwanja ukajaa ukawa mto mdogo, na gogo moja kati ya yale mawili likateleza, likaanguka.

Kisha nikasikia ukuta. Ulitoa sauti kavu, kama mtu anayevunja kuni gotini.

"Mama, toka! Toka!"

Mvua ilikula sauti yangu. Nilimsukuma binti yangu aingie jikoni, nikakimbia, nikateleza kwenye mfereji, goti likazama kwenye tope. Mtoto mgongoni akaanza kulia. Ndipo nikamwona mume wangu akitoka sebuleni mbio, peku, akaruka mfereji, akafika kwenye mlango wa anexe kabla yangu. Nikasema, Mungu asante.

Akasimama. Akakohoa.

Naapa. Ukuta unaondoka, na yule mwanamume amesimama mlangoni anakohoa ili mama mkwe wake ajifunike! Na kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona Mama ndani, alikuwa tayari amefika katikati ya chumba akija nje, akakisikia kile kikohozi, na miguu yake ikamtii kabla ya kichwa. Akavuta kitenge usoni. Akageuka. Akaketi kitandani, mgongo kwa mlango, uso kwa ule ukuta wenye ufa.

Sijui nilipiga kelele gani. Binti yangu anasema nilitukana. Huenda.

Ukuta ukaenda nje. Ni bahati tu, au ni yule Mungu niliyemshukuru mapema mno. Uliinama upande wa jirani polepole, kama ng'ombe anayelala, ukajimwaga kwenye mabamia yao, na mbele ya Mama hapakuwa na kitu tena isipokuwa mvua na migomba ya watu. Alikuwa bado ameketi, kitenge usoni, haoni. Juu yake mabati yalikuwa yameshikwa na mbao moja tu, na ile mbao ilikuwa ikilia.

Mume wangu alifumba macho. Nilimwona akiyafumba kwa nguvu, kama mtoto anayetiwa dawa. Aliingia akipapasa hewa, akagonga ndoo, akanyoosha mkono.

"Mama. Shika mukono."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia bila mtu katikati. Mama hakusogea. Kisha akasema, kwa sauti ya chini lakini niliisikia, kwa sababu sasa nilikuwa nimefika mlangoni, "Mwanangu, umwambie baba ya batoto asogee, nipite."

"Simwambii kitu!" nikalia. Nilikuwa nalia kweli, kamasi na mvua pamoja. "Mama, shika mukono yake ao nitaingia na huyu mutoto mu mugongo, tukufe wote!"

Mbao ikalia tena. Mkono wa Mama ukatoka chini ya kitenge, ukatafuta, ukaukuta ule mwingine, ukaushika.

Wakatoka. Mmoja amefunika uso, mwingine amefumba macho, wote wawili vipofu, na mimi mbele nikiwaelekeza kama naongoza ng'ombe, hapa mfereji, inua mguu, hapa jiwe, kushoto, kushoto nimesema! Mama alimshika kwa mikono miwili. Walipofika mlango wa nyumba, mabati nyuma yetu yakashuka yote kwa kishindo kilichowatoa majirani nje.

Nilimwingiza Mama sebuleni, nikamkalisha kwenye kiti cha mume wangu kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Kitenge chake kilikuwa kimelowa hata kinachuruzika. Nilikivua, nikamfuta kichwa, nikamvalisha gauni langu. Vitenge vyake vingine vyote vilikuwa chini ya mabati. Vyangu vilikuwa ndani ya beseni, havijakauka tangu Jumapili. Nilimpapasa mikono, magoti, mbavu, nikitafuta palipoumia, na sikupaona, nikapapasa tena.

"Acha," akasema. "Miye niko muzima."

Mume wangu hakuingia. Alikuwa nje, amesimama chini ya ukingo wa paa ambako mvua inamwagika hasa, peku, akitazama barabara. Nilimwita. Akaniuliza bila kugeuka kama Mama amepata kitu cha kujifunika. Nikamwambia hapana, hakuna kitenge kikavu nyumbani humu. Akasema basi atangoja.

Nikaona hasira yangu yote ya wiki nzima inapanda tena. Nilikuwa nafungua kinywa. Lakini Mama alikuwa amesikia. Aliketi na kichwa wazi, nywele zake chache nyeupe zimelala kwa maji, ndani ya gauni langu lenye mikono mifupi, na nilimwona mdogo sana kwenye kile kiti kikubwa. Akapangusa uso kwa kiganja.

"Baba," akaita, si mimi, si mtoto. "Baba, ingia. Utapata baridi."

Mvua iliendelea. Mlango ukasukumwa. Mume wangu akaingia akitazama sakafu, maji yanamtoka kila upande, akasimama karibu na kabati kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Inua uso," Mama akamwambia. "Nataka nione mutu mwenye alinitosha mu ile chumba."

Alichukua muda. Nilidhani atakataa. Kisha akainua, na wakatazamana, mama yangu na mume wangu, ambaye Mama alimwozesha binti yake akiwa bado kijana mwembamba asiye na ndevu, na ambaye tangu siku ile alijua viatu vyake tu, na mgongo wake, na sauti yake nyuma ya mlango. Mama alimtazama taratibu, paji la uso, macho, mashavu, mpaka juu.

"Yoo," Mama akasema. "Kumbe uko na mvi, mutoto yangu."