Mistari ya Mkaa Ukutani kwa Baba

Baba yangu hakupenda kuandika. Aliishia darasa la nne akarudi shambani, na kalamu aliishika siku za kutia sahihi tu. Lakini sebuleni kwetu Suji, juu ya chokaa, alichora kwa mkaa mstari mmoja mrefu wa kulala, na chini yake mistari mingine mingi iliyoning'inia, mmoja kwa kila juma, miaka nenda miaka rudi. Mama, enzi za uhai wake, alikuwa akigomba kwamba ameolewa kwenye ubao wa shule. Baba anacheka, anaongeza mwingine.

Mistari ile ilikuwa ya ndiva. Kwa asiyetoka kwetu, ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo walilojenga babu zetu mlimani. Maji ya kijito yanajikusanya humo usiku, asubuhi linazibuliwa, yanateremka kwa mfereji hadi mashambani, kila nyumba na zamu yake. Baba ndiye aliyekuwa mtunzaji. Kila Jumatatu alfajiri, kabla ya kuzibua, alitumbukiza ufito wake kando ya ukingo, akautoa, akaja nao nyumbani, akauegemeza ukutani na kuchora. Hakuandika namba hata moja.

Mimi kazi yangu mjini Same ilikuwa hiyo hiyo, tofauti yake nililipwa. Nilichora chati za ofisi ya maji: maduara yaliyokatwa vipande, ramani ya vijiji kwa rangi, picha za ndoo ambapo kila ndoo ni nyumba kadhaa. Nilijivuna, sitaki kudanganya. Mkubwa wangu alipenda kusema kwamba wajumbe hawasomi ripoti, wanatazama picha zangu. Nikaamini kwamba mwenye picha ndiye mwenye ukweli.

Basi ukaja mradi wa kujengea ndiva chache kwa saruji. Kila kijiji kilitakiwa kionyeshe hali ya maji yake, na walioishiwa zaidi ndio wangeanza. Ndiva yetu ilikuwa imepata ufa. Baba alinieleza kwenye simu kwamba watu wa mashamba ya chini, zamu yao ikifika, wanapokea tope. "Ndiva hii alinikabidhi baba yangu ikiwa imejaa," alisema. "Sitaki inifie mkononi." Nikamwambia tulia baba, hilo niachie mimi.

Krismasi nilipanda nyumbani na rula. Nikamuuliza, "Hivi ni vipimo vya maji ya ndiva?" Akajibu, "Ee, vya maji ya ndiva." Sikuuliza la pili. Msomi anauliza nini tena? Nikapima mistari yote, nikarudi Same, nikaingiza kwenye kompyuta, nikaandika juu: kimo cha maji. Zikatoka nguzo za buluu zilizosimama kwa adabu, kila mwaka ndefu kuliko za mwaka uliotangulia.

Nilishangaa kidogo, kweli, lakini mshangao huo niliumaliza kwa kumlaumu baba. Alipopiga tena kulalamika, nilimkatiza. "Baba, namba hazidanganyi. Maji yanapanda. Ni watu tu wameongezeka, na mnazoea kulalamika." Akasema, "Haya, mama. Wewe ndiye msomi." Mungu anisamehe, niliridhika na jibu hilo.

Nikaitia chati ile kwenye fremu nzuri, nikampelekea kwa gari la kupanda mlimani. Pasaka nilipofika, nilikuta ameitundika ukutani kando ya mistari yake, kichwa chini. Nguzo zangu zikining'inia, maandishi yamepinduka. Nilicheka mpaka nikaketi. "Jamani baba, hata picha huijui juu na chini?" Nikapanda kiti, nikaigeuza. Alinitazama, akaenda kunitilia makande kwenye sahani.

Baada ya wiki chache kikao cha kuchagua vijiji vya mradi kikakaa. Chati zetu zilibandikwa mstari mmoja. Mjumbe mmoja alisimama mbele ya ile ya kwetu akasema, "Hawa wako vizuri. Maji yao yanapanda. Wapewe wenye shida." Mwenzangu mmoja, mtu wa pwani, akanitania kama Wapare tunavyotaniwa kwa kupenda kesi, "Leo Mpare kakosa kesi?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilikaa kimya nikijiona mtu wa haki, mtu asiyependelea kwao. Kijiji chetu kikakatwa kwenye orodha.

Nilipanda Suji kumwambia mwenyewe, maana jambo kama hilo si la simu. Naingia sebuleni, shikamoo baba, marahaba, naangalia ukutani: chati imegeuzwa tena. Nikapandwa na hasira. Safari ndefu, njia mbovu, na habari niliyobeba ilikuwa nzito. "Baba, si nilikuwekea sawa? Wageni wakiona maandishi miguu juu watasemaje?"

"Mimi sisomi maandishi," alisema. "Nasoma maji."

Akachukua ufito nyuma ya mlango, akaushika mbele yangu polepole, kama alivyonionyesha zamani jinsi ya kushika jembe. "Ncha hii ya juu nailinganisha na ukingo. Nikiutoa, chini umelowa, juu mkavu. Ninachochora ni ule ukavu. Ukavu ukirefuka, maji yameshuka. Wewe uliusimamisha, ndiyo maana nauning'iniza."

Nilihisi masikio yanawaka. Nikatazama mistari yake ya mkaa, ikirefuka kuelekea sakafuni mwaka hadi mwaka, mbele ya macho yangu tangu Krismasi. Hata mtoto angeona maji yakishuka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani na huko ofisini mnaigeuza."

Hakusema kwa kejeli. Laiti angenifokea. Nikamweleza yote, kikao, mjumbe, kicheko changu, na nililia mbele yake nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Alisikiliza hadi mwisho. "Basi tutaziba kwa udongo," alisema, akauliza kama nimekula.

Jumatatu nilikiri kwa mkubwa wangu. Hakuwa mtu mbaya, lakini orodha ilikwisha kwenda. Akasema nisubiri awamu nyingine.

Kiangazi kile kijiji kilitoka msaragambo, kazi yetu ya pamoja, wakashindilia udongo kwenye ufa. Ukashika siku kadhaa, ukabomoka. Kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake, ila baba. Asubuhi alikuwa ndani ya maji yale ya baridi hadi kiunoni, na udongo na magome ya migomba, anaziba. Kabla ya mvua za vuli kifua kikambana. Tulimteremsha hospitali, tukampandisha kwenye jeneza. Sisemi chati yangu ndiyo iliyomuua. Nasema alilowana asubuhi nyingi ambazo hakupaswa kulowana, na najua ni kwa nini.

Awamu nyingine ilipokuja nilichora upya. Safari hii nguzo zilianzia juu na kuning'inia, na mjumbe yule yule akauliza mbona nimeiweka kichwa chini. Nikasimama. "Mstari huo wa juu ni ukingo wa ndiva," nilisema. "Hapo ndipo maji yanapotakiwa kufika. Hizo nguzo ni ukavu." Hakucheka mtu. Wakapitisha.

Saruji ilipokauka na ndiva kujaa mara ya kwanza, nilipanda Suji. Jumatatu alfajiri nikachukua ufito nyuma ya mlango, nikautumbukiza kando ya ukingo kama nilivyomwona akifanya. Nikaja nao nyumbani, nikauegemeza ukutani, kwenye nafasi iliyofuata mstari wake wa mwisho. Nikashika mkaa, nikautafuta ukavu ulipoanzia.

Ufito ulikuwa umelowa wote, hadi kwenye ncha. Nikamwambia, kwa sauti, peke yangu mle sebuleni: baba, hakuna cha kuchora. Kisha nikaketi chini pale ukutani nikalia hadi watu wa zamu walipokuja kubisha hodi, wanataka ndiva izibuliwe.