Ngome ya Makreti

Hebu mwone anavyoingia uani: mwanamke mpana wa mabega, vumbi la mbao limemtia mvi kabla ya wakati, begani amebeba ubao wa mguu wa kitanda. Ni fundi seremala. Mtaa mzima humwita Mama Nyundo, na si kwa kazi tu. Ulimi wake nao hugonga.

Uani kuna vita. Watoto wamejenga ngome kwa makreti mabovu aliyowaletea kutoka karakana, wakayafunga kwa vipande vya mpira wa tairi. Mawe yanavurumishwa. Binti yake, jemadari wa ndani, jicho limevimba na bado anacheka.

"Njooni basi, miguu ya kuku nyie!"

Kabla Mama Nyundo hajakemea, geti lilipigwa teke. Kaka yake aliingia, mkanda mkononi, chuma chake kikining'inia.

"Yuko wapi? Kaniulia redio yangu!"

Mtoto wa kaka huyo, ambaye muda huo huo alikuwa akiipiga ngome mawe, alipiga magoti mlangoni mwake, akajipenyeza humo humo. Hakuna aliyemzuia. Sheria ya watoto ilikuwa moja: aliyepiga magoti mlangoni hapigwi, hata awe adui.

Baba mtu akayavunja makreti ya juu kwa mateke. Mkanda ukashuka, ukachana sikio la mtoto. Damu ikaruka.

"Kaka, acha! Utamuua!"

"Namfunza! Sisi baba hakutufunza hivi hivi?"

Maneno hayo yalimwasha Mama Nyundo mgongo mzima, palipo na makovu yake. Kaka akapiga magoti mlangoni mwa ngome, akapenyeza mkono kumvuta mtoto mguu. Ubao ukatoka begani mwa Mama Nyundo.

"Mama, usipige!" binti alilia. "Mjomba kapiga magoti!"

Alimsikia. Akapiga. Mfupa wa mkono ukaalika kama fito kavu. Akapiga tena, mgongoni, na tena, kaka akiwa amelala kifudifudi anaomba radhi, mpaka majirani wakamnyang'anya ubao.

Kesho yake mtoto wa kaka, sikio limeshonwa, alikuwa akiijenga upya ngome pamoja na waliokuwa maadui zake. Mama Nyundo akawaletea makreti mengine, akainama mlangoni aingie.

"Yaweke hapo nje, Mama," binti alisema, bila hasira.

"Mimi? Si nilimwokoa ndugu yako?"

Mtoto wa kaka akachungulia. "Ahsante, shangazi. Kweli umeniokoa. Lakini baba alikuwa ameshapiga magoti."

Mama Nyundo akabaki amechuchumaa juani, makreti mapajani.

Wewe ungekuwa ndani, ungemfungulia?