Upanga wa Kijapani na Kiatu Changu cha Kanisani

Kiatu chenyewe ninacho hadi leo, kiko juu ya kabati, kina tundu pale mbele ambalo unaweza kupitisha kidole, na kila nikikiona masikio yananiwaka moto, kwa sababu tundu lile nililipata hadharani, dukani, mbele ya Wazungu, nikiwa na baba wa kijana ninayetaka awe mkwe wangu. Sasa hivi naweza kusimulia. Siku ile, jamani, nusura nilie.

Chanzo ni neno moja tu, "kidogo". Binti yangu Neema alikuwa amependana na Nikhil, kijana wa Rayners Lane, hapa hapa London, na baba yake Nikhil, Mzee Kanti, Mhindi aliyezaliwa Mwanza ambaye Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu wote, alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Kila tukimkaribisha kwetu Lewisham tuzungumze kama wazazi, mara ana mafua, mara ana wageni, na Neema anazidi kukonda. Halafu siku moja akatualika chai, tukakaa tunatazamana mpaka chai ikapoa, akatoa simu akanionyesha picha ya upanga wa zamani wa Kijapani, wenye saini ya fundi aliyeufua, ambao alitaka kuununua. Akaniuliza, "Baba Neema, unaelewa mambo ya vyuma hivi?"

Mimi badala ya kusema sielewi nikasema, "Kidogo." Tena nikalisema kwa ile sauti yetu ya unyenyekevu, ile ambayo mtu akikwambia anajua kupika kidogo unaelewa kwamba leo utajilamba vidole. (Chuma pekee ninachokijua ni vitanda vya wagonjwa, maana kazi yangu ni kuvisukuma hospitalini.) Mzee akafurahi, akasema Jumamosi twende wote dukani nikautazame kabla hajaununua.

Neema aliposikia akanipigia simu. "Baba, please, just don't touch anything."

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima," nikamjibu.

Wiki ile usingizi ulinipaa. Kwenye basi naangalia video za panga, wakati wa mapumziko kazini naangalia video za panga, mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna mtu nimegombana naye. Nikajifunza kwamba saini huchongwa kwenye shina, ile sehemu ya chuma inayofichwa na mpini, kwa hiyo lazima mpini uvuliwe ndipo uione, na kwamba kutu ya pale kwenye shina haisuguliwi hata siku moja kwa sababu ndiyo inayoonyesha umri, na kwamba matapeli huchukua upanga wa fundi asiyejulikana wakauchonga jina la fundi mkubwa, hivyo uangalie kama kutu imeingia ndani ya herufi au herufi zimekata juu ya kutu. Kichwani nilijiona nimeiva. Ila kila nikifumba macho namwona Mzee Kanti ameibiwa kwa ushauri wangu, na Neema wangu ndio basi tena.

Jumamosi nikavaa suti na viatu vyangu vya kanisani, vile vya kahawia vyenye ncha ndefu, ambavyo nilivinunua vikiwa vikubwa kwa kuwa bei ilikuwa imeshuka, nikajaza mbele kipande cha kanga kuukuu ya mke wangu ili visipwaye. (Kumbukeni hicho kipande.) Dukani tukakuta wateja kadhaa, kuna mama mmoja na mbwa wake, na mwenye duka, Mwingereza mwembamba anayeongea kwa kunong'ona kama yuko msibani. Akatandika kitambaa mezani, akachomoa kijiti kinachoshikilia mpini, akauvua, akamkabidhi Mzee upanga ukiwa uchi kabisa. Mzee akauinua kwenye taa, akautazama shinani, akaguna, akageuka kwangu.

"Shika, Baba Neema. Tuambie."

Hapo sasa. Mama yangu kule Morogoro hakuruhusu kisu kitoke mkono huu kiende mkono huu. Unakiweka chini, mwenzio anakiokota mwenyewe, la sivyo nyie wawili mtagombana. Mimi siamini mambo hayo, nimebatizwa, nina kitambulisho cha kwaya, lakini nilipoona ncha ile inanijia kutoka mkononi mwa mtu mmoja katika London yote ambaye sitakiwi kabisa kugombana naye, mkono wangu ulikwenda, ukasita, ukarudi. Ningesema tu, "Mzee, naomba uuweke mezani," ingetosha, lakini niliona haya ataniona mshamba. Na yeye alishadhani nimeupokea. Akauachia.

Ulishuka ncha mbele, na mimi, kwa akili za mpira wa utotoni, nikautegea mguu.

Mbwa akaanza kubweka. Nikatazama chini, upanga umesimama wima juu ya kiatu changu, na mimi nasubiri maumivu, nasubiri damu, hata kimoja hakiji, nikachezesha vidole, vyote vipo, ncha ilikuwa imeingia pale mbele palipo kanga tupu. Mwenye duka akapiga magoti miguuni pangu, akauchomoa taratibu kwa mikono miwili, na upanga ukatoka na kipande cha kanga cha maua mekundu, kinaning'inia. Yule mama mwenye mbwa akafunika mdomo. Mwenye duka akaniuliza kama nimeumia, ila macho yake yalikuwa yanauuliza upanga.

Akachukua lenzi, akaikagua ncha. Mimi naona harusi ya Neema inakwenda. Alikaa na ile lenzi mpaka nikaanza kusali kimoyomoyo, kisha akasema ncha ni nzima, soli haijaguswa, kitambaa kimeiokoa.

Mzee Kanti hakucheka. "Haya, Baba Neema, na saini je? Ni ya kweli?"

Ningeweza kuguna kitaalamu nikajiokoa. Nguvu sikuwa nazo. "Mzee, mimi sijui. Nilichonacho ni video za kwenye basi."

Akamshukuru mwenye duka, akamwambia hanunui leo, akatoka, nami nikamfuata mguu mmoja unapwaya, kiatu kinapiga kap, kap, mpaka stesheni. Tukasimama pale, nikawa natunga nitakavyomwambia mwanangu.

Ghafla akasema, "Hata mimi sijui."

"Hujui nini, Mzee?"

"Panga. Nikhil aliniambia baba yake Neema ni mtu makini, nikaona nikuonyeshe na mimi nina mambo yangu. Uliposema kidogo, nikasema afadhali, nimepata mtaalamu." Akageuka akanitazama. "Lakini mkono ulirudisha kwa nini?"

Nikamweleza habari za mama na kisu, nikitazama reli kwa aibu. Akakunja uso.

"Mama yangu Mwanza alikuwa hivyo hivyo na mkasi. Nimesahau vipi mimi?" Kisha akauliza, hana utani hata chembe, "Sasa, ule upanga ulikufika mkononi?"

"Haukufika, Mzee. Ulifika mguuni."

"Basi hatukupokezana."

"Hatukupokezana."

"Basi hatugombani." Treni ikaingia, akatangulia mlangoni. "Jumapili tunakuja kwenu, mimi na mama Nikhil. Mwambie mama Neema asijisumbue, atupikie kidogo tu."

Mke wangu alipika siku mbili. Na mimi tangu siku ile mtu akiniuliza kitu nisichokijua, hata mbele ya nani, nasema sijui, na siku ya harusi kisu cha keki nilikiweka mezani mimi mwenyewe.