Mwiko wa Chumvi

Nilipokuwa mtoto, mdogo wangu Zuhura alikuwa na tabia ya kulamba watu. Ukimbeba jua likiwaka, ulimi wake ulikuwa shingoni mwako, unatafuta jasho. "Mbuzi huyo, mfungeni kamba!" watoto wenzangu wa Bagamoyo walimtania. Watu wazima hawakucheka. Walisema ni mtoto wa bahari, na anayelamba si yeye, bali jini aliyemo ndani yake.

Mama akamwita mganga. Mganga akaweka mwiko: chumvi isimguse mtoto, wala isilale ndani ya nyumba, mpaka mwezi uandame. Jini akikosa chakula atahama.

Aliyeanza kuhama ni Zuhura. Alitapika, macho yakazama, akawa analia bila machozi. Adhuhuri moja, saa ambayo kwetu watoto huitwa ndani kwa sababu wasioonekana nao wanapita, aligeukia kona tupu ya chumba, akafungua kinywa, akaanza kumung'unya kama mtu anayelishwa.

Bibi, mama yake baba, alisimama, akajifunga khanga kiunoni.

"Nakwenda kumtafutia chumvi."

"Utamuua, Mama!" Mama alilia. "Mganga kasema..."

"Aliyekufa kwa mwiko huo namjua, mwanangu. Nilimzaa mimi. Jini alinyimwa chake, akamchukua kwa hasira. Huyu simpi."

Majirani walikwisha kusikia habari za mwiko. Hakuna aliyethubutu kutoa hata punje. Bibi akanishika mkono tukaenda kwenye mashamba ya chumvi, nje ya mji. Hapakuwa na mtu. Weupe ulichoma macho, na hewa juu yake ilitetemeka kama kitu kinachopumua. Bibi akavua viatu.

"Hodi, wenyewe. Nimekuja kuchukua haki ya mtoto."

"Chukua," ilijibu sauti ya kike, karibu kabisa na sikio langu.

Bibi alichota, akafunga kwenye pindo la khanga, akanibana mkono nisigeuke. Mpaka leo sijui nilisikia nini.

Alikoroga uji mwepesi, akautia chumvi, akamnywesha Zuhura kidogo kidogo. Jioni mtoto alilia, na machozi yakatoka. Mama akayapangusa kwa kidole, akakilamba.

Baadaye tulimpeleka hospitali Dar es Salaam. "Mwilini kuna homoni inayoziamuru figo zishike chumvi," daktari alieleza. "Kwake ipo tele, lakini figo haziisikii. Chumvi inamtoka na mkojo. Ni ugonjwa adimu, wa kurithi." Akamwandikia chumvi iwe dawa yake.

Bibi akamsimulia habari za mwanawe aliyenyimwa chumvi.

"Na yule wangu, daktari? Lau ningempa?"

Daktari aliinamisha uso. "Pengine angeishi, bibi."

Zuhura sasa ni mwalimu huko Msata, mzima, mcheshi. Bibi amekwisha tangulia. Zamani nilipenda kusema kwamba siku ile elimu ilimfukuza jini nyumbani kwetu, na neno hilo nililisema kwa fahari. Siku hizi nalisema taratibu zaidi. Jini yule alikuwa muuaji, lakini Bibi alikuwa na wa kumlaani. Daktari alipomwondoa jini huyo, kwa upole na kwa ukweli, pale aliposimama akabaki Bibi wa enzi zile, mama kijana, mtiifu, anayemwaga uani chungu cha chumvi ili mwanawe apone.