Hosiana na Nguzo za Ardhi ya Akina Mama

Kama uliishi Morogoro katika miaka ile ya ubinafsishaji, na kama nyumba yako ilikuwa na umeme, basi Hosiana alikwishakugombeza. Hakuna aliyepona. Aliwagombeza akina mama wa Mwembesongo kwa kuanika nguo kwenye waya wa umeme. Aliwagombeza vishoka, wale mafundi wa mitaani wanaowaunganishia watu umeme wa wizi, tena mbele ya wateja wao. Siku moja aliwagombeza shehe na mchungaji katika mkutano mmoja, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameunganisha kipaza sauti chake kwa waya uliochunika ganda. Wote wawili walicheka, na wote wawili walibadilisha waya.

Cheo chake kilikuwa afisa elimu kwa jamii katika ofisi ya umeme ya mkoa. Cheo kirefu, meza fupi. Alifika Morogoro akiwa binti, akitokea Usangi kule Upareni, akaajiriwa kuwa mpiga chapa. Pengine angezeekea kwenye taipureta kama meneja wa zamani asingemsikia siku moja akimweleza mzee mmoja dirishani kwa nini taa zake zinafifia kila jioni. Mzee alikuja ametuna, akaondoka anacheka. Meneja akaona huyu anapoteza muda kupiga chapa. Tangu hapo Hosiana akawa mtu wa mitaani, na ubao wake wenye swichi, fyuzi na balbu kwapani, akiwafundisha watu kwamba umeme ni rafiki mzuri ila hana utani.

Aliipenda kazi ile. Niseme wazi, aliipenda kuliko watu wengine wanavyowapenda wachumba wao. Na alijua kwamba anaiweza.

Kisha zikaja zama za tija. Viwanda vya mji vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, mashirika ya umma yakingoja kusikia nani anauzwa na nani anavunjwa, na katika ofisi ya Hosiana akaletwa meneja mpya, kijana aliyeitwa Rogers. Hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Alikuja mapema kuliko mlinzi, alisalimia hadi wafagizi, na shati lake lilipigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Ila alikuwa na swali moja ambalo alimuuliza kila mkuu wa kitengo katika kikao cha asubuhi: kitengo chako kinaleta nini?

"Kinaleta watu wanaoishi," Hosiana alijibu zamu yake ilipofika. "Maiti hanunui umeme, meneja."

Watu wakaangua kicheko. Rogers naye alicheka, kisha akamwambia bila ukali, "Hilo nimelisikia. Sasa nionyeshe kazi moja tu ambayo bila elimu yako isingefanyika. Ukinionyesha, kitengo kinabaki. Vinginevyo Dar wataniuliza, na sitakuwa na la kuwaambia."

Hosiana hakuhitaji kufikiri. Akasema, "Lukunguni."

Lukunguni ni kijiji kilichokaa juu ya Bigwa, mahali ambapo mlima umeanza kuwa mlima kweli. Wanawake wa kule walikuwa wakiteremka na mahindi kichwani mpaka Bigwa kusaga, kisha wanapanda tena na unga. Zahanati yao ilizalisha akina mama kwa taa ya chemli. Laini ya umeme ilikuwa imepangwa kupelekwa huko, nguzo zimekwishaletwa mjini, tena laini hiyo ilikuwa miongoni mwa malengo ambayo Rogers mwenyewe aliyaahidi kwa wakubwa. Kilichobaki ni wenye mashamba kukubali nguzo zipite. Hosiana akasema hilo mwachieni yeye.

Akapanda na ubao wake. Mwenyekiti wa kijiji, Mwinjuma, mwanamume mchangamfu mwenye sauti ya kuitisha mkutano bila tarumbeta, akawakusanya wenye nyumba. Hosiana akawafundisha kama alivyojua kufundisha. Akawaeleza nguzo inakaa wapi, mti upi utakatwa na upi utaachwa, kwa nini mtoto asicheze na waya ulioanguka. Wanaume wakauliza maswali, wakajibiwa, wakaridhika. Kila mmoja akamwonyesha shamba analolima na kusema nguzo zipite, hana kinyongo. Wanawake walikaa nyuma wakisikiliza, na Hosiana akaona wametulia, akadhani wamekubali.

Alishuka mlima akiimba. Mafundi wakapanda, wakachimba mashimo kutoka barabarani hadi karibu na zahanati, wakarudi mjini kufuata nguzo.

Walipopanda tena asubuhi iliyofuata, hawakukuta shimo hata moja. Yote yalikuwa yamefukiwa, na juu ya kila shimo palikuwa pamepandwa mgomba. Mgomba mchanga, umemwagiwa maji, umewekewa na samadi. Mafundi walisimama pale na nguzo zao wasijue wacheke au watukane.

Habari ikamfikia Rogers kabla ya chai. Akamwita Hosiana ofisini, akafunga mlango.

"Ulisema wamekubali."

"Walikubali, meneja. Kwa vinywa vyao."

"Kwa vinywa vyao wamepanda migomba?" Rogers alishusha pumzi. "Dada Hosiana, mwisho wa mwezi nguzo zile zinahamishiwa Mikese, huko watu wanazisubiri. Na kuhusu kitengo chako, nimekwishapeleka neno Dar. Kinafungwa mwezi wa sita. Sikupenda iwe hivi."

Hosiana alitoka mle ndani. Alikwenda nyumbani kwake Kilakala, akajifungia, akalia kilio cha hasira. Kufungwa kwa kitengo kulimuuma, lakini kuna kilichomuuma zaidi. Alikuwa amesimama mbele ya watu, akawaeleza, wakamwelewa, halafu wakamgeuka. Katika miaka yote ya kutembea mitaani jambo hilo halijapata kumtokea. Mtu wa aina yake hawezi kulala na jambo asilolielewa, na kesho yake, ubao ameuacha nyumbani, akapanda Lukunguni kwa miguu.

Mwinjuma alipomwona akaanza kuangalia viatu vyake. "Dada, usiniulize mimi," akasema. "Nenda kwa mama mkwe."

Mama mkwe wake alikuwa Bibi Mosi. Hosiana alimkuta nje ya nyumba yake, anafunga mafungu ya mboga za kupeleka sokoni mjini, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nilijua utakuja, ila nilidhani utakuja na polisi."

"Polisi wa nini? Nimekuja kuuliza. Migomba ile mmepanda nyie?"

"Tumepanda wenye ardhi," alisema Bibi Mosi, akaendelea kufunga mchicha wake. "Wewe ulimuuliza nani?"

"Nilimuuliza Mwinjuma. Na wanaume wenzake, wenye mashamba."

Bibi Mosi akaweka fungu chini, akamtazama, kisha akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Mwinjuma! Mwinjuma ni mume wa binti yangu. Kijana mzuri, sina neno naye. Lakini hapa ni mgeni, mwanangu. Amekuja kuoa. Analima kwa sababu mke wake ana pa kulima. Kwao ni kule ng'ambo ya korongo, kwenye ukoo wa mama yake. Ardhi hii ni ya lukolo letu, ukoo wa mama zetu, tangu mama wa mama zetu. Neno lake tunalo sisi na kaka zetu. Wewe umemuuliza mgeni kama unaweza kuingia nyumbani kwangu, naye kwa upole wake amekukaribisha."

Hosiana alihisi uso unawaka moto. Kwao Upareni shamba hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na ukitaka neno la shamba unamtafuta mwanamume mwenye mji. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufanya vingine. Miaka yote hiyo ameishi chini ya milima hii, amenunua mboga za wanawake hawa, hakuwahi kuwauliza zimelimwa kwenye ardhi ya nani. Aliona aibu, na akaisema palepale. "Bibi, nilikosa. Nilikuja kufundisha nikasahau kuuliza."

"Aa, usilie. Umeme tunautaka sisi kuliko hao wanaume. Nani anabeba mahindi?" Bibi Mosi akamsogezea kikombe cha uji. "Lakini ardhi ya lukolo haipewi mtu wa nje. Inaazimwa. Na aliyeazima, kila mavuno anakuja na kitu, hata kuku mmoja. Tunaita ngoto. Si malipo, hatutajiriki kwa kuku. Anakuja ili kila mtu aone kwamba bado anajua ni ya nani. Sasa nguzo itakujaje na kuku? Mlete huyo mkubwa wenu. Tutazungumza."

Rogers hakutaka kwenda. Alisema shirika haliendeshwi kwa kuku. Hosiana akamjibu kwamba huko Lukunguni bila kuku haliendeshwi kabisa, na kwamba laini ile iko kwenye malengo yake yeye meneja, wala si ya Bibi Mosi. Rogers akachukua funguo za gari.

Mkutano ulifanyika uani kwa Bibi Mosi. Safari hii wanawake walikaa mbele pamoja na kaka zao, na Mwinjuma na waume wenzake walikaa nyuma, wametulia kabisa. Rogers alisalimia vizuri, akaamkia wazee mmoja mmoja, na alipoelezwa jambo la ngoto akasema bila kusita, "Hakuna tatizo. Shirika litakuja kila mavuno."

"Shirika ni nani?" akauliza Bibi Mosi.

"Ni sisi, bibi. Ofisi."

"Mama yake nani?"

Watu wakacheka, lakini Bibi Mosi hakucheka. "Nauliza kweli. Mtu wa mwaka huu akija, wa mwakani si yeye, wa mwaka wa tatu hatujui hata amesikia. Siku moja atakuja mtu atatuambia ardhi ya nguzo ni ya ofisi. Tunataka mtu mwenye uso. Tumemwona huyu." Akamnyooshea Hosiana kidole. "Alikosa, akarudi kwa miguu, akasema nimekosa. Aje yeye kila mavuno. Akikubali, migomba tunaing'oa leo."

Kila jicho likamgeukia Hosiana. Alitakiwa kusema neno moja tu. Angesema ndiyo, nguzo zingesimama, mashine ingesaga, zahanati ingewaka. Alimwona mama mmoja kijana, mimba imekwisha kuwa kubwa, amekaa karibu na ukuta anamwangalia. Ndiyo ilifika mpaka kwenye ulimi.

Lakini shida yote ya Lukunguni ilianza na watu waliotoa neno lisilo lao. Akapiga moyo konde, akasimama.

"Bibi, ningependa kuliko kitu chochote," akasema. "Lakini mwezi wa sita kazi yangu inakwisha. Nikisema nitakuja, nitakuwa nawaahidi kitu ambacho si changu. Sitawadanganya."

Aliketi. Bibi Mosi akamgeukia Rogers, wazee wakamgeukia Rogers, na hata Mwinjuma kule nyuma akanyoosha shingo. Shati la Rogers lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Alimtazama Hosiana kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Atakuja," akasema. "Kazi yake haikwishi. Hosiana atakuja kila mavuno."

"Hilo neno ni lako kulitoa?" akauliza Bibi Mosi.

"Ni langu, bibi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Migomba iling'olewa mchana uleule, na wenyewe waliihamishia kando, kwa sababu hakuna Mluguru atakayetupa mgomba mzuri. Mafundi wakaanza kuchimba upya, na safari hii walioshika majembe pamoja nao walikuwa wengi.

Rogers na Hosiana waliteremka kwa gari. Barabara ilikuwa mbaya, na Rogers aliendesha polepole mno. Walipokaribia Bigwa, Hosiana akashindwa kuvumilia.

"Meneja, lile neno lilikuwa lako kweli?"

Rogers alivuka daraja kwanza.

"Hapana," akasema. "Kule Dar wamekwishakata shauri. Lakini nimelitoa mbele ya bibi yule, akinitazama. Unadhani naweza kupanda tena nikamwambia anirudishie?"

Jumatatu akaenda Dar. Siku zikapita, ofisini watu wakaanza kunong'ona kwamba sasa wamepoteza hata meneja, na Hosiana akapanga vitu vyake kwenye boksi, akavipangua, akavipanga tena. Kisha asubuhi moja Rogers akaingia, amechoka, shati limekunjamana kwa safari. Hakwenda ofisini kwake. Alikuja moja kwa moja kwenye meza ya Hosiana, akasimama mbele ya lile boksi.

"Hilo toa hapo," akasema. "Na unitafutie kuku mzuri. Mavuno ya kwanza nitambeba mimi."