Ndiani Tulikuwa Wawili

Simu ilipolia, Idarus aliitazama tu mpaka ikanyamaza. Ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu pikapu yake imgonge Mueni, mwalimu wa shule, akivuka barabara ya Kililana, ikamvunja nyonga. Idarus mwenyewe alitoka na kifundo cha mkono wa kulia kimefura. Alikifunga kitambaa akasema si kitu.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa akivuka maji kila asubuhi kutoka Wiyoni, kisiwani, kwenda bara kubeba kwa pikapu hiyo ufuta na nazi za wakulima. Bima ya gari hakuikosa hata mwaka mmoja. Lakini karatasi ilisema inagharamia majeraha ya "mtu wa tatu", na Idarus alikuwa amehesabu.

"Ndiani tulikuwa wawili," alimwambia mkewe, Kulthum. "Mimi na mwalimu. Huyo wa tatu nimtoe wapi?"

"Na umemuuliza nani? Ukuta?"

Hakumuuliza mtu. Aliona kwamba akifungua kinywa tu, jamaa wa mwalimu watakuja na karatasi za mahakama na kuiuza nyumba, mamake mgonjwa akiwa kitandani humo humo. Mwishowe Kulthum alivaa buibui, akaitwaa karatasi, akatangulia mbele mpaka kwa wakala wa bima.

Wakala, binti wa bara aitwaye Quinter, alisikiliza akacheka. Alipouona uso wa Idarus akaacha.

"Bwana Idarus, hatuhesabu watu wa barabarani. Wa kwanza ni kampuni. Wa pili ni wewe uliyekata bima. Mwingine yeyote uliyemuumiza ndiye wa tatu. Mwalimu ndiye huyo."

"Alhamdulillahi." Idarus aliketi. "Na mkono wangu?"

"Kwa bima hii, wa pili hana fungu. Kinga ya dereva huongezwa kando, na wewe hukuiongeza."

"Basi atibiwe yeye. Mimi nitastahimili."

Quinter alivuta fomu. "Ajali ilikuwa lini? Jana?"

Kulthum aliinamisha macho.

"Siku kumi na tisa," Idarus alisema.

Kalamu ilisimama. "Mkataba unataka taarifa mara moja. Siku zote hizo ulikuwa ukifanya nini?"

"Nikimtafuta wa tatu."

Safari hii Quinter hakucheka. Alimsogezea fomu. "Andika hivyo hivyo, na tarehe ya kweli. Kampuni itaamua. Sikuahidi kitu."

Idarus aliishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Herufi zilitoka zikitetemeka, kama za mtoto wa chuo cha Kurani.