Ua Linalotia Ulimi Ganzi

Tangu mama aje kukaa kwangu Goma, mfuko wake ulikuwa kando ya kitanda, umefungwa kamba. Alitoka Rutshuru macho yakiwa yameshaingia giza, na kila asubuhi aliniambia kwamba atarudi kwake, kwa sababu huku ni mawe matupu. Hakuwahi kuvuka mlango wa uwanja wetu. Niliogopa kwamba siku moja atajaribu kurudi kweli, na zaidi niliogopa kwamba atafia hapa akijiona mgeni nyumbani kwa binti yake.

Mwezi wa Juni, mvua ilipopungua, maua ya njano yalichomoza katika nyufa za mawe meusi ya volkano. Hasira zangu ziko karibu, na niliamua kumshinda kwa ushahidi. Kila nilipotoka sokoni Birere nilimchumia ua na kumwekea kiganjani. Alilifikicha, akalinusa, akaniambia ni lipi. Lile kubwa la kwenye nyua, chungu, lilikuwa dawa ya tumbo. Lile lenye utomvu mweupe lilikuwa chakula cha sungura. Hakuna lililomfurahisha. Alitaka lile la kando ya chemchemi ya kwao, walilokuwa wakitafuna meno yakiuma, naye alishikilia kwamba haliwezi kumea huku. Nilimwambia ana ubishi kuliko mbuzi. Alicheka kidogo, akageukia ukuta.

Nililikuta nikiwa kwenye foleni ya kujaza bidoni yangu maji, pembeni ya robine, bomba la mtaa, pale maji yanapomwagika na kutuama. Vilikuwa vichwa vidogo vya njano visivyo na petali, kama vifungo vya blauzi. Nilitafuna kimoja papo hapo ili niwe na hakika. Ulimi uliwasha, ukafa ganzi, mate yakanijaa mdomoni. Niliacha bidoni kwenye foleni, nikachuma mengine, nikakimbia nyumbani.

Mama alilipapasa ua, hata hakulinusa. Alilitia mdomoni moja kwa moja. Tulikaa tukitafuna, mate yakitudondoka sote wawili, nikaona uso wake unalegea.

"Linaota wapi?" aliuliza.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumsuta, lakini kwa ulimi wenye ganzi niliweza tu kusema ni pale robineni. Nilimshika mkono.

"Basi unipeleke," alisema, akiinuka. "Nijue njia za huku kwetu."